Jina Uliloniomba

Mashine ya Kukoboa Mpunga,
Ifakara.
Alhamisi, 12 Septemba 1996

Kwako Baba, Mzee Maduhu,

Shikamoo, Baba. Mpe Mama, Mayu wetu, shikamoo yangu, na Nyamizi anayekusomea barua hii namsalimu sana, ila namwomba asome taratibu na asiruke neno hata moja. Natumaini homa iliyokushika siku za matanga imekwisha, na kwamba ng'ombe wanapata maji huko Lupiro, maana kiangazi cha mwaka huu kimekaza. Mimi mwili haujambo, isipokuwa bega la kushoto ambalo bado halinyanyuki sawasawa. Usingizi ni wa kuokoteza. Chakula nakula kwa kuwa mke wa tajiri wangu hunisimamia kama mtoto.

Barua yako ya tarehe tatu niliipata. Umesema hutaki maelezo, unataka jina. Unataka jina la mtu aliyemwitia Limbu mwizi usiku ule, mpaka watu wakatoka majumbani wakamuua. Umesema wazee wamekaa mara mbili, na wote wanamtaja Ildefonce, yule Mpogoro rafiki yetu, kwa kuwa aligombana na Limbu usiku uleule mbele ya watu. Umesema wewe peke yako ndiye uliyewaambia wangoje, kwamba yupo Dionisi aliyekaa na mwanao mpaka pumzi ya mwisho, kwamba huyo ni mwanao mwingine na neno lake litatosha. Baba, neno hilo la kuniita mwanao limenikalisha kitako siku zote hizi, kalamu mkononi, karatasi tupu.

Sijui kama umeambiwa, lakini vijana wenu hawakungoja. Alhamisi iliyopita walifika saba nyumbani kwa Ildefonce, alfajiri, na fimbo. Walimvunja mkono wa kulia mara mbili, juu na chini ya kiwiko. Walimpiga mdomoni mpaka meno matatu yakabaki kwenye kizingiti, na ghala lake wakalitia moto na magunia kumi na manane ya mpunga ndani. Mkewe alitoboa ukuta wa udongo kwa mchi akatoka na mtoto mgongoni. Walipoondoka walimwambia hiyo ilikuwa salamu tu, mazungumzo yenyewe yatafuata wakipata barua kutoka Ifakara. Barua hiyo ndiyo hii. Kwa hiyo utanisamehe, nitaandika marefu hata kama umeyakataa, kwa sababu safari hii nataka uyajue yote.

Nianze na utani. Limbu alipokuja mashineni mara ya kwanza, mwaka wa tisini na tatu, na mkokoteni wa maksai wawili, nilimuuliza kabila. Aliposema Msukuma nikamvua kofia palepale nikaikalia. Wenyewe mnajua, ninyi wa Usukumani na sisi Wangoni ni watani tangu enzi za mababu, na mtani akikuchukulia kitu hakukuibia. Unakikomboa kwa kinywaji, matusi juu, na anayenuna ndiye aliyeshindwa. Limbu hakununa. Alinunua soda mbili, akaniambia Wangoni walikuja nchi hii kwa miguu kwa sababu njia nzima hakupatikana mtu wa kuwaamini na ng'ombe. Wiki iliyofuata akaondoka na viatu vyangu, nikashinda pekupeku kwenye pumba. Toka siku hiyo akionekana tu getini mimi napaza sauti kwamba mwizi wa ng'ombe ameingia, shikeni mifuko yenu, na yeye anajibu kwamba mla panya yupo, fungeni ghala. Wapakuaji walikuwa wanaacha magunia ili wacheke. Mimi mdomo wangu haujawahi kuwa na komeo, Baba, mama yangu alilisema hilo nikiwa bado sijaota meno.

Ildefonce tuliingia naye urafiki kwa sababu ya maksai wa Limbu, waliomlimia shamba misimu miwili. Mwezi wa sita ng'ombe waliingia kwenye mpunga wake ukiwa unangoja mundu, wakala robo eka. Hawakuwa ng'ombe wenu, na Ildefonce alijua. Lakini mtu akishaona jasho lake limegeuka samadi, hasira hachagui pa kuiweka.

Jumamosi ile baada ya Nane Nane, Limbu alimaliza kukoboa jioni, pantoni ya mwisho ikiwa imekwisha kuvuka. Akasema atalala mashineni, lakini si kabla ya kuuona mji. Tukaenda watatu. Mimi nilikuwa na baiskeli ya tajiri wangu, naikokota. Tulianza kwa Mama Febronia, pale penye nyama choma. Mavuno yalikuwa yametoka, kila mtu ana noti mfukoni na kila mtu anajiona mwanamume. Hatujamaliza chupa ya kwanza, utingo wawili wa lori wakagombania kiti. Kiti tu. Mmoja alivunja chupa akamchana mwenzake kutoka shavuni mpaka shingoni, damu ikaruka hadi kwenye sahani yetu. Limbu alisimama, akamkamata mwenye chupa kwa mkanda na ukosi, akamtupa nje juu ya meza ya mwuza sigara. Kisha akarudi, akazisogeza pembeni zile nyama zilizoingia damu, akaendelea kula. Tulicheka, Baba. Aliyechanwa alikuwa bado chini anajishika shavu, na sisi tulicheka mpaka machozi.

Kutoka hapo tukaingia kilabuni kwenye pombe ya komoni. Ildefonce hana kichwa cha komoni. Kibuyu cha pili akaanza habari za mpunga wake, cha tatu akaanza upya, na Limbu, ambaye kwa kukaa nami alikuwa amezoea kwamba kila kitu ni mzaha, akamwambia ng'ombe walimsaidia kupalilia. Angeniambia mimi, ningemrudishia kubwa zaidi. Lakini Ildefonce si mtani wake. Alivunja glasi mezani akamrushia mkono usoni. Limbu aliinamisha kichwa, glasi ikampasua sikio la kulia. Akampiga Ildefonce kofi moja lililomlaza juu ya benchi. Nilipoingia kati nikala kiwiko cha pua. Ildefonce akasimama analia, akapayuka mbele ya kilabu kizima kwamba Wasukuma wote ni wezi wa jasho la watu na iko siku watalipa. Watu sitini walisikia. Hilo wazee wenu wameambiwa, nami siwezi kulipunguza, lilisemwa.

Lakini hawakuambiwa lililofuata. Nilimshika Ildefonce mkono mwenyewe nikampeleka kwa dada yake Verediana, nyumba ya nne kutoka kilabuni. Alitapika mlangoni, Verediana akamvuta ndani huku anatutukana sote, na nikasikia komeo likiingia. Ilikuwa kama saa tano na nusu. Ildefonce hakutoka tena mpaka jua lilipochomoza. Hayo niliyajua tangu siku ya kwanza, Baba, na wewe ulipoketi nami kwenye matanga ukaniuliza alikuwa wapi, nilisema sijui.

Mimi na Limbu tukaenda disko, ukumbi ule wa nyuma ya stendi. Alijifunga leso kichwani kuzuia damu ya sikio. Alicheza na fimbo yake begani, shati limelowa, wasichana wakimpisha na kumpigia makofi. Mlangoni walinzi walikuwa wanampiga kijana aliyeingia bila tiketi, wanampiga kwa mkanda wenye kifungo cha chuma, na kila mlango ukifunguliwa tulimsikia, ukifungwa tukausikia muziki. Sikumbuki kama nilimwonea huruma. Nadhani nilisema amezidi kupiga kelele.

Nyamizi, mdogo wangu, hapa vuta pumzi halafu usome.

Baba, nilikuambia kwamba Limbu aliazima baiskeli kwangu ili atangulie kulala mashineni, kwamba mimi nilikuwa chooni, nikatoka nikakuta wamekwisha kumpiga. Nimewaambia polisi hivyo hivyo. Ni uongo.

Tulitoka pamoja saa nane usiku. Nilisimama ukutani kukojoa, baiskeli nimeiegemeza. Limbu akairukia. Akapita mbele yangu anacheka kile kicheko chake cha kikohozi, akasema Mngoni akitaka usafiri wake akaukomboe mashineni kwa bia mbili baridi. Akakanyaga pedali akaingia mtaa wa nyuma ya stendi. Nami nikamkimbilia huku nafunga suruali, nacheka, na nikafanya nilichokuwa nakifanya miaka mitatu kila akionekana getini. Nilipaza sauti. Nilisema mwizi, mwizi huyo, mwizi wa Kisukuma, mkamateni anakwenda na baiskeli yangu. Sikusema mara moja. Nilisema mara nne au tano, kwa nguvu zangu zote, kwa raha yangu yote.

Mimi ndiye niliyemwitia Limbu mwizi. Jina uliloniomba ni langu.

Sikufikiri kwamba mtaa ule hautujui. Wiki ile wezi wa baiskeli walikuwa wameingia pale mara mbili na kumkata mzee mmoja panga la mkono. Watu walikuwa wamelala na nguo zao, silaha mlangoni, wanangoja neno hilohilo. Milango ilifunguka kabla sijalimaliza. Mtu mmoja alirusha tofali likampata Limbu mgongoni, baiskeli ikaangukia mtaroni. Hakukimbia. Aliinuka akiwa bado anacheka, akanyoosha mikono na kusema ni utani, jamani, ni mtani wangu yule, muulizeni. Wakampiga mchi wa mdomo. Baada ya hapo hakuweza kusema tena.

Nilipofika walikuwa kama ishirini, wanaume na wanawake, na mama mmoja mwenye kanga ya kulalia anampiga kwa jembe la mpini mfupi kana kwamba anapalilia. Nilisema mwacheni, namjua. Hapo mwanamume mmoja mwenye tochi akanigeukia akaniuliza kama namjua basi sisi ni kundi moja, na kabla sijajibu mtu akanipiga koleo begani. Nilianguka kwa magoti. Tochi ilikuwa usoni mwangu, panga lilikuwa chini yake. Akaniuliza tena kama namjua.

Nikasema simjui. Nikasema nimeona tu baiskeli yangu inakwenda.

Wakaniinua, Baba. Wakanipa pole. Mmoja aliitoa baiskeli mtaroni, akanyoosha usukani ulipopinda, akaipangusa kiti kwa shati lake na kunikabidhi. Nikaipokea. Nilisimama pale nimeishika kwa mikono miwili na wao wakarudi kazini. Sauti ya fimbo kwenye mbavu si kubwa kama unavyodhani. Limbu alikuwa amelala kwa ubavu, na jicho moja lililokuwa bado linafunguka lilikuwa linanitazama, na mimi sikusema kitu. Walipochoka walikwenda kulala. Ndiyo, walikwenda kulala. Hapo tu ndipo nilipopata miguu, nikaazima mkokoteni wa maji, nikampeleka hospitali. Ni kwa kazi hiyo ya mkokoteni ulinishukuru mbele ya ukoo wako na kunipa mtamba.

Alikufa saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Kabla ya hapo polisi alikuja kitandani akamuuliza nani alipiga ukelele. Alikuwa hawezi kusema vizuri, taya lilikuwa limeachana, lakini macho yalikuwa na akili. Aliniangalia. Kisha akatikisa kichwa, kuonyesha kwamba hakumwona. Yule polisi alipoondoka aliuvuta mkono wangu, akauweka kwenye mfuko wa shati lake lililokuwa kwenye beseni, akanifinya vidole. Ndani mlikuwa na noti zimeganda damu. Nilielewa. Alikuwa anakomboa baiskeli, maana sasa mimi ndiye niliyekuwa nayo. Alidhani nilisema simjui kwa sababu mzaha ulikuwa bado haujaisha, au hakudhani hivyo, alitaka tu mimi nidhani hivyo. Hilo litanila mpaka naingia kaburini. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, na sisi tuliusema kila siku huku tunacheka.

Nimenyamaza mwezi mzima. Siwezi kujisingizia ulevi, mwezi mzima mtu halewi. Niliogopa. Halafu, nikiri na hili, nilipenda. Mimi baba yangu alikata miwa ya watu mpaka akafa hana shamba, na ninyi mlinikalisha kwenye kigoda, mkaniita mtoto, Mayu akanimwagia maji ya kunawa kwa mikono yake mwenyewe. Niliposikia watu wanamtaja Ildefonce nikajiambia yatapita, maneno ya wafiwa hupoa. Yakachoma ghala.

Jana nilikwenda wodini kwa Ildefonce. Nilimpelekea uji. Nilimwambia yote niliyokuandikia, nimesimama, maana nilishindwa kukaa. Hakunitukana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia mkewe kwa ule mdomo uliopungua meno arudishe bakuli la mtu. Mkewe akaumwaga uji dirishani, akaliosha bakuli vizuri, akanipa.

Basi, Baba, hayo ndiyo. Ildefonce hakumwua mwanao na hakumwitia mwizi. Siku ile alikosa mara moja tu, kwa glasi, na kwa hilo Limbu alikwisha kumlipa kofi. Nakuomba kitu kimoja, nakuomba kwa magoti, wala si kwa ajili yangu: leo hii hii, kabla jua halijazama, waite wale vijana saba, Nyamizi awasomee barua hii mbele yako kuanzia mwanzo. Mkono wa Ildefonce uliovunjika ni wa kulia, na msimu wa kulima hauko mbali, hajui atashikaje jembe. Mtamba anakuja na huyu anayeleta barua. Nimemlisha vizuri, ana mimba.

Nitavuka Jumapili na pantoni ya kwanza. Nitakuja peke yangu, mikono mitupu, nitasimama barabarani penye njia ya kuingia kwenu mpaka mtu aje kunichukua. Nimemwachia tajiri wangu karatasi nyingine ya polisi, nimeandika mambo yaleyale. Nimemwambia Jumatatu asubuhi nitaipeleka kituoni mwenyewe, na kama Jumatatu sijarudi aipeleke yeye, na kwamba humo sikumlaumu mtu yeyote wa Lupiro kwa lolote litakalonipata.

Wasalimie wote nyumbani. Mayu usimwambie mpaka awe amekula, maana najua akishasikia hatakula tena. Nyamizi, ahsante kwa kusoma. Kaka yako alikuwa anakutaja kila siku, alisema wewe ndiye mwenye akili na yeye ndiye mwenye ng'ombe. Mungu awalinde.

Ni mimi,

Dionisi Komba